Wifi yangu anajibu maswali yote ya lishe, lakini mtoto wake amedumaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mkoa wa Njombe. Nina miaka 31, nimeolewa kitongoji cha pili kutoka nyumbani kwetu, kwa hiyo kwetu nafika kwa mguu wakati wowote. Mkutano wa kijiji ulinichagua miaka miwili iliyopita, nikaenda mafunzo, nikapewa begi, utepe wa kupimia mkono na bangokitita la picha. Kila Alhamisi jioni nakutana na kina mama chini ya mparachichi ulio nyuma ya ofisi ya kijiji. Huwa wanafika ishirini na kitu. Nafundisha maziwa ya mama pekee miezi sita, makundi ya vyakula, kunawa mikono, yote. Wanaimba, wanapiga makofi, wanajibu. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye anajibu kuliko wote. Nikiuliza mtoto wa miezi tisa ale mara ngapi, mkono wake ndio wa kwanza kupanda.

Mwezi uliopita tulikuwa na SALIKI, ile siku ya afya na lishe ya kijiji, na safari hii muuguzi wa zahanati alikuja na ubao wa kupimia urefu. Miezi yote nilikuwa natumia utepe wa mkono tu, na mtoto wa wifi utepe ulisoma kijani kila mara. Ni mnene wa mashavu, anacheka, anatembea vizuri. Nilimpeleka wa kwanza kabisa ili wengine wasiogope ubao. Binti ana miezi 23. Akalazwa, akanyooshwa, ikasoma sentimita 77. Muuguzi akaangalia jedwali lake, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu amedumaa." Watu wote walisikia.

Shangazi, tangu siku ile sina raha. Kisimani nasikia wanasema, mwalimu wa lishe kwao kuna mdumavu. Alhamisi iliyofuata walikuja wanane.

Lakini la nyumbani ndilo zito zaidi. Wifi ana mimba ya miezi minne, na alimwachisha huyu binti ziwa mara tu alipogundua. Sasa mama yangu mzazi anasema mtoto amebemendwa. Anasema mimba imemwahi mtoto, na akiwa na majirani anaongeza kwamba huenda kuna aliyetoka nje ya ndoa. Kaka amenuna, haongei na mkewe. Wifi analia. Nikimwambia mama ni chakula, ananijibu kwamba yeye kalea watoto saba bila bangokitita, na ukoo wetu ni wafupi tangu babu.

Ukweli ni kwamba wifi huondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kibarua cha kuchuma chai au kupalilia viazi, anarudi saa kumi. Mama ndiye anayebaki na mtoto. Anampa uji wa sembe na sukari kwenye kikombe, mchana ugali na mchuzi wa maharage. Mayai hampi, anasema atachelewa kusema. Kuku wapo tisa, mayai anauza kaka.

Nifanye nini? Nimefikiria kurudisha begi kwa mtendaji wa kijiji, achaguliwe mwingine ambaye kwao kuko sawa.

Mhudumu, Njombe

*

Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta jambo moja tu: nani anamlisha huyu mtoto? Nikalikuta karibu na mwisho, umelitaja kwa kupita. Mama ndiye anayebaki naye. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi jioni ni saa kumi nzima, na humo ndani uji wa asubuhi umo, ugali wa mchana umo, na kila kinachotafunwa katikati kimo. Mama yako ndiye mpishi na ndiye mlishaji. Kaka yako ndiye mwenye mayai. Wewe kwa miaka miwili umemfundisha wifi, ambaye jioni anarudi na mgongo unauma, mtoto ameshakula alichokula.

Kwa hiyo begi usirudishe. Wifi yako alikuelewa vizuri sana, ila kijiko hakiko mkononi mwake.

Tuanze na zile sentimita 77, maana naona hata wewe zimekutia kiwewe bila kukueleza kitu. Binti wa miezi 23 aliyekua vizuri huwa na urefu wa kama sentimita 85 na nusu. Wapo warefu kuliko hapo na wapo wafupi, hilo halina neno, lakini mpaka wa chini ni 79 na pointi mbili. Akiwa chini ya hapo tunasema amedumaa. Huyu yuko chini ya mpaka kwa sentimita mbili na kidogo. Utepe wa mkono haukukudanganya, mwanangu, ulijibu swali lingine. Utepe unaonyesha ukondefu, yaani mtoto aliyepungukiwa nyama sasa hivi. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu na mikono minene, anacheka, anakimbia, na kwa macho ukadhani ana mwaka mmoja na nusu mwenye afya tele. Ndiyo maana udumavu unakaa kijijini miaka bila mtu kuuona. Kila mtoto unayemlinganisha naye ni kimo kilekile.

Hilo la ukoo wetu wafupi utalisikia mpaka uzeeke, kwa hiyo lijue jibu lake. Jedwali la muuguzi halikutengenezwa kwa watoto wa Kizungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto walionyonya vizuri na kulishwa vizuri, na mwaka 2006 likatoa viwango hivyo. Kilichoonekana ni kwamba katika miaka mitano ya mwanzo, mtoto wa Muscat na mtoto wa Accra wakilelewa vizuri wanapanda karibu sawasawa. Ukoo unakuja kusema neno lake baadaye. Babu yako kuwa mfupi inawezekana kabisa naye alilelewa kwa uji wa kikombe.

Tena usidhani ni aibu ya nyumba yenu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa Tanzania ni asilimia 30. Njombe ni asilimia 50.4. Majirani zenu Iringa ni 56.9, na Rukwa 49.8. Ndiyo mikoa hiyo hiyo inayopakia mahindi, viazi na maharage kwenye malori kuwalisha wengine. Mimi nilifanya kazi ya uuguzi Nyanda za Juu miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakwambia nimeingia nyumba zenye magunia ya mahindi hadi darini, parachichi zinaoza chini ya mti, na mtoto mlangoni ana kikombe cha uji unaoona kitako chake. Wanawake mwaka mzima ni shamba, kuni, maji, kibarua. Chakula kipo, anayekosekana ni mtu wa kukaa na mtoto mdogo saa nne, saa saba na saa kumi, akamlisha kwa subira.

Sasa la kubemenda. Hili nisingependa uliache hivi hivi, kwa sababu linavunja nyumba. Wazee waliotunga neno hili waliona jambo la kweli. Mimba mpya ikija mapema, mtoto anakatishwa ziwa ghafla, na kama hapati chakula cha kuziba lile pengo, anadhoofu. Waliona sawa, wakaelezea kwa namna yao. Lakini mwanangu, piga hesabu. Mimba ina miezi minne. Zile sentimita nane na nusu anazopungukiwa akilinganishwa na mwenzake aliyekua vizuri hazipotei kwa miezi minne kwa mtoto wa umri huo, ambaye hata akikua vizuri anapanda kama sentimita moja tu kwa mwezi, na huyu hakuacha kukua kabisa. Alianza kubaki nyuma mapema, labda tangu alipoanza kula uji, mimba haijafikiriwa. Hesabu hii mpelekee kaka yako. Mkute peke yake, shambani au njiani, si mbele ya mama na si mbele ya mkewe. Mwambie, "Kaka, mtoto ameanza kubaki nyuma kabla ya mimba hii. Mkeo hana kosa." Umwambie hivyo hivyo, kwa maneno machache, halafu mbadilishe mazungumzo mzungumzie bei ya viazi. Wanaume wa huko nawajua, atakwenda kulitafakari mwenyewe.

Mama ni habari nyingine. Usimwendee na bangokitita. Mama aliyelea saba akikaa mbele ya picha anafundishwa na mtoto aliyemzaa, anasikia tusi hata kama hukulitamka. Nenda kama binti, asubuhi, wifi akiwa ameshaondoka, na unga wako kwenye mfuko. Mwambie umekuja kumsaidia kupika uji wa mtoto. Kisha muulize alivyokuwa anawapikia ninyi. Muulize kweli, usiulize kwa mtego. Nina hakika atataja vitu ambavyo leo havimo kwenye kikombe cha mjukuu, karanga za kutwanga, maziwa, mnafu, majani ya maboga.

Na muulize kuhusu kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Mama yako anakijua kimea kuliko mimi na wewe, maana amewahi kupika pombe au kumwona mama yake akipika. Hapa ndipo utamshangaza, na yeye atajiona fundi. Pikeni uji wa mtoto mzito, mzito hasa, ukiuchota unakaa kwenye kijiko haudondoki. Mama atasema mtoto hawezi kumeza huo. Epueni, uache upoe kidogo, usiwe wa kuunguza lakini uwe moto bado. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Subiri dakika chache uendelee kukoroga. Mtauona unalegea hapo hapo chunguni, bila kuongeza tone la maji. Urudisheni jikoni uchemke tena, kisha mpeni mtoto. Unga ni ule ule mwingi, lakini sasa unamezeka. Uji wa mama ulilegea kwa maji, na maji hayamjengi mtoto. Ila ulezi wa kimea uoteshwe pasafi na ukaushwe vizuri juani. Ukiona ukungu, tupa wote. Vivyo hivyo kwa mahindi na karanga, mvua za huko zinaleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na ile tabia ya kuchambua punje mbovu zikasagwe za uji wa mtoto ikome.

Kipimo mwonyeshe kwa kikombe cha mililita 250. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ale robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima kila mlo, mara tatu au nne kwa siku, na katikati kitu cha kutafuna mara moja au mbili, ndizi, parachichi, kiazi cha kuchemsha. Sahani iwe yake mwenyewe. Akila sinia moja na binamu zake wa miaka sita, mkono wake ukifika mara ya tatu mboga imeshakwisha, na kilichobaki ni ugali na mchuzi. Mchuzi wa maharage anaopewa sasa ni rangi ya maharage, mwambie mama ayaponde maharage yenyewe. Chai ya rangi aiache karibu na mlo, inazuia madini ya chuma.

Naona wengi huko wananunua ule unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili ndani, mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, dagaa, kila kitu kimesagwa pamoja. Sikushauri. Nafaka tano hazifanyi kazi zaidi ya nafaka moja, soya isiyochemshwa au kukaangwa inamsumbua mtoto tumboni, na karanga zikisagwa na unga zinaharibika upesi bila kuonekana. Tumieni dona au ulezi peke yake, halafu siku hiyo, jikoni, ongeza kimoja, leo karanga zilizopondwa, kesho dagaa wa unga, keshokutwa maziwa au yai.

Yai ndilo litakalokusumbua. Kuchelewa kusema hakuna uhusiano wowote na yai, lakini ukilisema hivyo kwa mama, mtabishana hadi jua litue. Mimi ningepita njia nyingine. Wewe ni shangazi wa huyu binti. Shangazi ana haki zake. Mpelekee mtoto kuku, tetea anayetaga, umkabidhi mbele ya mama na kaka na useme huyu ni wa mwanangu, mayai yake ni yake, asiuze mtu. Kuku tisa wa kaka yako waache na biashara yao kwa sasa. Sijaona mwanaume anayeuza mayai ya kuku ambaye dada yake mwenyewe amempa mtoto. Yai likipondwa kwenye kiazi kilichoiva halionekani hata. Kama kuku ni mzigo, simbilisi wawili nao wanafaa, wanakula majani na wanazaana upesi, nyama ipo.

Kuna swali hukuuliza, ila najua linakuamsha usiku. Je, tumechelewa? Nisikudanganye. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo mtoto anapojenga urefu na ubongo kwa kasi kubwa, na kilichopotea humo hurudi kwa shida, mara nyingi hakirudi chote. Lakini huyu bado anakua na bado anajifunza. Mlisheni, zungumzeni naye, mchezesheni, msikose matone ya vitamini A na dawa za minyoo za Juni na Desemba. Mpelekeni pia zahanati akaangaliwe, maana kuhara kwa mara kwa mara au maradhi mengine nayo yanamla mtoto.

Ila siku 1,000 za mdogo wake zimeshaanza. Mimba ni siku 270, miaka miwili ni siku 730. Wifi ana miezi minne, kwa hiyo zimeshatumika kama 120, zimebaki 880. Hizo zote ziko mikononi mwenu. Wifi ale mlo mmoja zaidi kila siku, ameze vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki, na kibarua cha kubeba mizigo mizito aache. Hapa kaka yako anahusika moja kwa moja, kwa sababu mwanamke mjamzito hawezi kujipumzisha mwenyewe, mumewe lazima aseme mbele ya watu kwamba ametaka apumzike. La sivyo ataitwa mvivu.

Kuhusu Alhamisi, hao wanane waliobaki wanakutosha. Wiki ijayo usiwaite kina mama, waite kina bibi, na wasije kusikiliza, waje kupika. Mama yako awe mpishi. Akishafanya kimea mbele ya wenzake, maneno ya kisimani yatageuka. Huko kwenu jambo hili lina mizizi. Mwaka 1983 mradi mkubwa wa lishe ulianza mkoani Iringa, Njombe ikiwa bado wilaya ndani yake. Walichofanya ni kupima watoto hadharani kila baada ya miezi michache, majibu yakajadiliwa na serikali ya kijiji, wanaume wakiwamo, na baadhi ya vijiji vikaweka mahali pa kuwalisha watoto mchana mama zao wakiwa shambani. Utapiamlo mkali ulipungua. Waulize wazee, wapo watakaokumbuka mizani ikining'inia kwenye mti. Ukipata wawili wa kuunga mkono, mpelekee mwenyekiti wazo la uji wa mchana wa watoto, hasa msimu wa kupalilia.

SALIKI ijayo mpeleke tena binti ubaoni, na kaka aje. Atakuwa ametimiza miaka miwili, kwa hiyo atapimwa amesimama. Akisimama namba hupungua kama pointi saba ya sentimita kuliko akilazwa, usishtuke, mwambie muuguzi azingatie hilo. Inahitajika mikono ya watu wawili, mmoja anashika kichwa, mwingine anapiga magoti na kuzuia miguu isikunjike. Miguu mpe kaka yako aishike, na namba aisome yeye.